Namba ya Pili: Kuchagua Rafadha Baada ya Kubadilisha Mashine ya Mtumbwi

Katika kitivo chetu tumezoea kwamba kosa la tafsiri hupunguza alama. Makala haya yanatokana na kosa la tafsiri lililowaweka watu wanne usiku mzima juu ya maji ya Ziwa Edward. Aliyelifanya ni mimi. Nimeona vema nilieleze hapa kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tuna ndugu wenye mitumbwi huko ziwani, na kila anayebadilisha mashine hukutana na swali lile lile: afunge rafadha ipi? Pili, swali hilo, ingawa ni la mafundi, lilinifikia mimi kama swali la lugha, nami nikalijibu bila kujua nilichokuwa nikikisema.

Mjomba wangu ni mvuvi wa Kyavinyonge, kwenye ufuo wa kaskazini wa ziwa, katika teritwari ya Beni. Msomaji wa Butembo anakijua kijiji hicho kwa samaki wanaopandishwa milimani kupitia Kyondo hadi masokoni kwetu. Pamoja na Vitshumbi na Nyakakoma, ni miongoni mwa vijiji vitatu vya wavuvi vinavyotambuliwa upande wa Kongo, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Mtumbwi wa mjomba ni wa mbao, una urefu wa mita 9 hivi, na kwa miaka mingi ulisukumwa na mashine ya nguvu za farasi 15. Mashine hiyo ilipochoka kabisa, alikusanya akiba yake, akaongeza mkopo, akanunua nyingine ya nguvu za farasi 25 iliyokwisha kutumika.

Mashine ilifika na rafadha iliyovunjika bawa moja. Mjomba akajaribu kufunga ile ya mashine ya zamani, ikakataa kuingia. Akapanda Butembo kutafuta nyingine, na dukani akakuta mbili zilizolingana kwa macho na kwa bei. Moja iliandikwa 9 7/8 × 9, nyingine 9 7/8 × 13. Akanipigia simu.

«Mpwa wangu, wewe ndiwe unayesoma lugha. Hii namba ya pili ni ya nini?»

Alinitumia picha ya ukurasa wa kitabu cha mashine. Kilikuwa cha Kiingereza, na namba ya pili iliitwa «pitch». Neno hilo nililijua kutoka somo la fonetiki, ambako ni kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Nikafungua kamusi, nikaona pia maana ya kimo na kiwango. Nikajiambia kwamba yote yanaelekea mahali pamoja. Nikamjibu: «Mjomba, ni kiwango cha nguvu. Mashine yako sasa ni kubwa, chukua namba kubwa.» Akachukua 13.

Yaliyofuata

Wiki za kwanza mjomba alilalamika kidogo kidogo. Mtumbwi ukiwa mtupu ulikwenda vizuri. Ukiwa na nyavu, samaki na watu wanne, mashine ilinguruma kwa sauti nzito, ilitoa moshi mwingi, na ilikunywa mafuta kuliko alivyotazamia. Buji zilikuwa zikichafuka upesi. Alidhani ameuziwa mashine mbovu.

Jioni moja walikuwa wakirudi na mzigo, upepo ukiwapiga usoni. Mjomba aliuzungusha mpini wa mafuta mpaka mwisho na kuuacha hapo kwa muda mrefu, mashine ikapata joto kali, kisha ikazimika. Haikuwaka tena. Walipiga kasia, lakini upepo ulikuwa na nguvu kuliko mikono yao, ukawasukuma kuelekea mashariki. Mpaka wa Uganda unapita katikati ya maji, hauna ukuta wala kamba, na kila mvuvi wa Kyavinyonge anajua maana ya kukutwa ng'ambo yake: kukamatwa, na kupoteza mashine na nyavu. Walikaa hivyo gizani, wakisikiliza viboko, mpaka alfajiri mtumbwi mwingine ulipowaona na kuwavuta. Watu walirudi wazima. Samaki waliharibika.

Mjomba hakunigombeza. Aliponipigia simu aliuliza tu: «Ile namba, ulikuwa na hakika?»

Siku ile nilianza kusoma upya, safari hii si kamusi peke yake. Yafuatayo ndiyo niliyojifunza, kwa vitabu na kwa fundi mmoja wa Kasindi aliyetusaidia baadaye.

Kwanza majina

Bandarini kwetu watu husema «elisi», kutoka Kifaransa «hélice». Vitabu vya Kiswahili sanifu hutumia «rafadha», na wengine husema «pangaboi», neno ambalo pia huitaja feni. Mimi nitatumia rafadha. Zile sehemu bapa zinazosukuma maji nitaziita mabawa. Kifaransa huziita «pales», na hapo msomaji wa Kiswahili atatabasamu, kwani karatasi ya dukani iliandika «3 pales», na mjomba aliuliza ni pale wapi.

Namba ya pili kwa Kifaransa ni «pas». Nayo ina mtego, kwa sababu neno hilo hilo ni alama ya kukanusha. Karatasi ya dukani iliandika «pas 13», na mtu wa haraka angesoma «si 13». Laiti mjomba angesoma hivyo! Lakini «pas» ya hapa ni hatua, kama hatua ya mguu. Kifaransa kimeipatia namba ile jina linaloeleza kazi yake, na laiti ningekianza Kifaransa kabla ya Kiingereza, ningeelewa.

Namba mbili na herufi moja

Rafadha nyingi za mashine ndogo zina maandishi yaliyogongwa kwenye kitovu au kwenye bawa. Chukua mfano huu: 9 7/8 × 9 – F.

Namba ya kwanza ni kipenyo kwa inchi, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mabawa yakizunguka. Inchi 9 7/8 ni sentimita 25 hivi.

Namba ya pili ni hatua, nayo pia ni kwa inchi. Ni umbali ambao rafadha ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kamili kama maji yangekuwa kitu kigumu. Mfikirie fundi seremala anayezungusha parafujo ndani ya ubao: kwa kila mzunguko parafujo inaingia kiasi fulani, na kiasi hicho hutegemea jinsi nyuzi zake zilivyolala. Rafadha ya hatua 9 «huingia» inchi 9 kwa mzunguko, sawa na sentimita 23 hivi. Ya hatua 13 huingia inchi 13, yaani sentimita 33. Namba ya pili inasema jinsi mabawa yalivyoinama. Haisemi lolote kuhusu nguvu.

Herufi ya mwisho, kwenye rafadha za Yamaha, huonyesha familia ya mashine ambayo rafadha hiyo inaweza kuingia. Ndani ya kitovu kuna meno yanayokamata meno ya shafti, na meno hayo hutofautiana. J ni ya mashine za nguvu za farasi 9.9 na 15, F ni ya zile za 20 mpaka 30, G ni ya 40 mpaka 60. Ndiyo maana rafadha ya zamani ya mjomba ilikataa kuingia: ilikuwa J, na shafti mpya ilitaka F. Kwa hiyo herufi ndiyo ya kutazama kwanza. Isipolingana, namba nyingine hazina maana.

Hatua ni kama gia

Anayetaka kuelewa hatua afikirie pikipiki inayopanda kutoka ziwani kwenda Kyondo ikiwa na magunia mawili ya samaki. Dereva mwenye akili hushuka gia, au vitesi kama tusemavyo. Injini inazunguka upesi, gurudumu linazunguka polepole, na mzigo unapanda. Akibaki kwenye gia ya juu, injini inatetemeka, inakohoa, inazimika. Kwenye barabara tambarare bila mzigo, gia hiyo hiyo ya juu ndiyo nzuri.

Mashine ya mtumbwi haina gia nyingi. Ina ya kwenda mbele, na pengine ya kurudi nyuma. Gia yake halisi ni hatua ya rafadha, na ukishaifunga unaenda nayo safari nzima. Hatua ndogo ni gia ya mlima: husukuma mzigo. Hatua kubwa ni gia ya tambarare: hukimbiza chombo chepesi. Nilipomwambia mjomba achukue 13, nilimwambia apande Kyondo kwa gia ya juu, na magunia mgongoni.

Kuna hesabu inayosaidia kuona jambo hili. Ndani ya mguu wa mashine kuna magurudumu ya meno yanayopunguza mizunguko. Katika mashine yetu, injini huzunguka mara 2.08 ili rafadha izunguke mara moja. Injini ikifikia mizunguko 5,200 kwa dakika, rafadha inazunguka mara 2,500. Zidisha kwa hatua ya inchi 9, unapata inchi 22,500 kwa dakika, yaani mita 571, au kilomita 34 kwa saa. Mtumbwi wetu wenye mzigo haukufika hata nusu ya hapo. Tofauti hiyo ndiyo kuteleza: maji si ubao, hukimbia chini ya bawa. Chombo chepesi kinachoelea juu ya maji huweza kuteleza kwa asilimia 10 au 15 tu. Mtumbwi mzito wa mbao huteleza zaidi sana. Kwa hiyo hatua kubwa haikuongezei mwendo ikiwa chombo chenyewe hakiwezi kwenda huko. Inaongeza mzigo kwa injini tu.

Mizunguko ndiyo hakimu

Je, mtu anajuaje kwamba rafadha imefaa? Kila kitabu cha mashine hutaja kiwango cha mizunguko kwa dakika ambacho injini inapaswa kufikia mpini wa mafuta ukiwa mwisho. Cha mashine yetu kilitaja 5,000 mpaka 6,000. Kazi ya rafadha nzuri ni kuiruhusu injini ifike ndani ya kiwango hicho ikiwa na mzigo wa kawaida wa mwenye chombo.

Injini ikibaki chini ya kiwango, hatua ni kubwa mno. Mafuta yanaingia kwa wingi, injini haiwezi kuzunguka inavyotaka, joto linapanda, makaa yanaganda kwenye pistoni na buji zinachafuka. Ni kama mtu aliyebebeshwa gunia zito akaamriwa akimbie. Ikivuka kiwango, hatua ni ndogo mno: injini inazunguka kupita kiasi na kuchakaa upesi, na nguvu haifiki majini ipasavyo.

Kanuni ya mafundi ni kwamba kupunguza hatua kwa inchi moja huongeza mizunguko kati ya 150 na 200 kwa dakika, na kuongeza hatua hupunguza kwa kiasi hicho hicho. Kipenyo kina athari kubwa zaidi: inchi moja ya kipenyo hulingana na inchi mbili au tatu za hatua. Lakini katika mashine ndogo kipenyo hakibadiliki sana ndani ya familia moja, hivyo anayechagua huchagua hatua.

Mashine nyingi ndogo hazina saa ya mizunguko. Fundi wa Kasindi alikuwa na kipimo kidogo cha betri chenye waya. Unauzungushia waya huo kwenye kebo ya buji, unapanga kipimo kulingana na aina ya injini, nacho kinahesabu cheche. Tulipakia mtumbwi kama siku ya kazi, watu wanne, nyavu na magunia ya mchanga badala ya samaki, tukaenda mahali penye maji ya kutosha. Kwa hatua 13, mpini ukiwa mwisho, kipimo kilionyesha 4,400. Fundi alitikisa kichwa, akasema mashine haina ubaya wowote, inanyongwa tu.

Alipofungua kichwa cha injini alikuta makaa mengi na pete moja ya pistoni iliyoganda. Alisafisha, akarudisha. Mjomba akapanda tena Butembo, na ile rafadha ya hatua 9 ilikuwa bado dukani. Tukapima kwa mzigo ule ule: 5,200. Kwa mtumbwi mtupu: 5,700. Zote mbili zilikuwa ndani ya kiwango. Angalia kanuni: tulipunguza inchi nne, tukatazamia mizunguko 600 mpaka 800 zaidi, tukapata 800.

Kwa nini nguvu zaidi haimaanishi hatua zaidi

Kosa langu halikuwa la neno peke yake. Nilidhani pia kwamba mashine kubwa lazima ipewe rafadha ya namba kubwa. Jambo hilo lina ukweli kwa chombo chepesi: nguvu ikiongezeka chombo hukimbia zaidi, na hatua ndefu huweza kuufuata mwendo huo. Lakini mtumbwi mzito hulima maji. Ukiuongezea nguvu unapata uwezo wa kubeba na kushindana na upepo kuliko mbio. Kwa hiyo rafadha huchaguliwa kwa mashine, chombo na mzigo kwa pamoja. Rafadha iliyokuja na mashine ya mkononi ilichaguliwa kwa ajili ya chombo cha mtu mwingine.

Kwetu kuna jambo la nne, nalo ni kimo cha nchi. Ziwa Edward liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, injini inavuta hewa kidogo zaidi kwa kila pumzi, na inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Mashine ya farasi 25 hufanya kazi kama ya 22 au 23. Anayesoma jedwali lililotungwa kwa ajili ya watu wa pwani akumbuke hilo, na akisita kati ya hatua mbili, achukue iliyo ndogo, kisha apime.

Ya kutazama kabla ya kulipa

Nayafupisha kwa mwenye haraka.

Tazama herufi au hesabu meno, uhakikishe kwamba rafadha inaingia kwenye shafti ya mashine mpya. Soma kitabu cha mashine ujue kiwango cha mizunguko. Ukiwa na chombo kizito, anza na hatua ndogo. Mwombe muuzaji akubali kubadilisha ikiwa hujaiharibu.

Angalia pia urefu wa mguu wa mashine. Kuna mguu mfupi, wa ubao wa nyuma wenye kimo cha inchi 15, na mrefu, wa inchi 20. Bamba bapa lililo juu ya rafadha linapaswa kulingana takribani na sakafu ya chombo. Likikaa juu mno, rafadha huvuta hewa kutoka usoni mwa maji, injini hupiga kelele ghafla na chombo hakisongi. Wengi hulaumu hatua hapo, kumbe lawama ni ya ubao.

Kwa maziwa yetu yenye mawe na mchanga, aluminiamu inatosha. Ni rahisi kuliko chuma kisichopata kutu, na ikigonga jiwe hupinda yenyewe, mara nyingi ikiokoa shafti na meno ya ndani. Lakini bawa lililopinda au kumegeka hubadilisha kila kipimo nilichotaja, na hutikisa mashine mpaka fani zake ziharibike.

Kabla ya kuigusa rafadha, zima mashine na uchomoe kebo za buji. Paka shafti grisi, rudisha nati, na usisahau pini inayoizuia. Kisha pima ukiwa na mzigo, si mtumbwi mtupu, na usiende mbali na ufuo siku ya kwanza.

Neno na kitu

Mjomba alilipa rafadha mbili, kazi ya fundi, na samaki wa siku moja. Sehemu ya deni hilo nimeilipa kwa kumwandikia karatasi moja kwa Kiswahili na Kinande, iliyobandikwa ndani ya kibanda chake. Juu imeandikwa: «Hatua: umbali kwa mzunguko mmoja. Mzigo mkubwa, hatua ndogo.» Wavuvi wengine huja kuisoma, na mmoja aliniuliza kwa nini namba ndogo ndiyo inayobeba zaidi. Nilimjibu kwa mfano wa pikipiki ya Kyondo, akaelewa kabla sijamaliza.

Tukiwa darasani tunajadili kama neno la kigeni litafsiriwe au likopwe. Sasa naona kuna swali linalotangulia: je, anayetafsiri amekiona kitu chenyewe kikifanya kazi? Kamusi yangu haikudanganya, ilinipa maana tatu za kweli. Ya nne, iliyohitajika, ilikuwa chini ya maji, nyuma ya mtumbwi. Sikumwomba mjomba anieleze rafadha inafanya nini. Niliona haya kuonekana sijui. Ndugu mwanafunzi, siku utakapopigiwa simu ya namna hiyo kutoka dukani, uliza kwanza kitu hicho ni cha kazi gani, na kama hujui jibu, sema hujui. Mwenye kuuliza bado yuko nchi kavu, anaweza kungoja.